Chumba cha Mawe Shambani Siyu

Tangu nistaafu, simu kutoka ofisini hulia mara mbili kwa wiki, na swali huwa lile lile: faili fulani liko wapi. Mafaili yote yako kabatini, rafu ya pili, na ufunguo uko ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati. Nimelisema hilo mara nyingi. Wiki iliyopita ndipo Zuhura, binti aliyerithi meza yangu, aliponiuliza jambo jingine. Alikuwa amekuja mtu wa Faza na hati ya shamba la urithi. Anataka kujenga, na hajui ajenge nyumba ya namna gani: ya udongo, ya bloki, ya mawe, au moja ya hizi za mbao zinazoletwa zikiwa zimekatwa tayari kwa kuunganishwa.

"Bi Sauda," akaniuliza, "mtu kama huyu tunamwambia nini?"

Nilianza kumjibu, chaji ikaniishia. Basi naandika, kwa ajili yake na wenzake, maana jibu lenyewe ni refu kuliko betri yangu.

Nilikuwa fundi sanifu wa majengo. Nilikagua ramani, nikapima viwanja na kushauri watu waliotaka kujenga mashambani, Lamu yenyewe na visiwa vya kaskazini. Siku ya kwanza sikupewa hata meza. Msimamizi wetu, Bwana Twalib, alikuwa mwashi miaka mingi kabla ya kuwa mtu wa ofisi, na ngozi ya viganja vyake ilikuwa bado imepasuka kwa chokaa. Alinipa futi ya chuma, timazi na uzi, akaniambia niende Matondoni nikatazame ukuta uliopasuka. Nilipobisha hodi, mama mwenye nyumba alinitolea watoto watatu, akawapanga mstari. Mwanamke mwenye mkoba wa serikali kwao alikuwa mtu wa chanjo. Nilipoeleza kwamba nimefuata ukuta, mama alionekana amevunjika moyo kidogo. Watoto ndio pekee waliofurahia kuja kwangu siku hiyo.

Nilirudi na ripoti ya kurasa nne. Nilikuwa nimeupima ule ufa urefu na upana, nikapendekeza uzibwe. Bwana Twalib aliisoma yote, akauliza nani hulala nyuma ya ukuta ule. Sikujua. Kesho yake alinirudisha Matondoni. Nikakuta kwamba nyuma ya ukuta alilala bibi mwenye pumu, chumba hakikuwa na dirisha, na ule ufa niliotaka kuuziba ndio uliompa hewa. Tulitoboa dirisha kwanza, kisha tukaziba. Ripoti ya pili ilikuwa nusu ukurasa, na ile Bwana Twalib aliitia sahihi.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo sikukosea tena. Lakini mwalimu mmoja mstaafu alipotaka nyumba kwenye shamba lake, nilimchorea nyumba ya bloki yenye paa la zege, bapa, la kisasa. Ilikuwa nzuri hata nikaipiga picha. Sikuuliza mchanga umetoka wapi. Ulikuwa umechotwa ufukweni, haukuoshwa, na chumvi ikala vyuma vya zege kimyakimya. Baada ya miaka michache kipande cha paa kikubwa kama sinia la pilau kilianguka juu ya kitanda. Mwenyewe hakuwemo, kwa sababu nyumba ilikuwa na joto kiasi kwamba alikuwa amekwisha kuhamia barazani. Alinipokea kwa adabu, akanionyesha kitanda, hakunilaumu. Ningetamani angenilaumu. Toka hapo, kila nilipofika kwenye kiwanja, niliuonja mchanga kwa ncha ya ulimi kabla ya kufungua karatasi yoyote. Watu wakazoea. Zuhura, uonje nawe, haudhuru.

Lakini jibu la swali lako nililipata Siyu, kwa mama mmoja aitwaye Bi Mwanate.

Bi Mwanate na mumewe, Bwana Kassim, walikuwa na shamba la minazi na mihogo, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Siyu mjini. Waliishi huko huko shambani, kwenye nyumba ya fito na udongo yenye paa la makuti, pamoja na mwana wao wa mwisho, Lali, mtu mzima aliyelima na kuendesha pikipiki ya abiria. Bi Mwanate alikuwa amepoteza macho polepole, na kufikia wakati ninaousema alikuwa haoni kabisa. Hata hivyo alipika, alifagia na kuteka maji, kwa kuwa kila kitu cha nyumba ile alikuwa amekijua kabla giza halijamfika.

Asubuhi moja nyumba ikashika moto. Bwana Kassim alikuwa upande wa pili wa shamba na Lali alikuwa kisimani. Lali aliona moshi, akakimbia, akaingia chini ya paa linalowaka, akamtoa mamake mgongoni. Mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Nyumba iliteketea kwa muda ambao mtu angetumia kuswali rakaa nne, ndivyo Bwana Kassim alivyonieleza. Moto ulianzia jikoni, na jiko lilikuwa la Bi Mwanate, na Bi Mwanate haoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Watu walimpa pole, wakasema ni kudura, na kila mmoja akabaki na hesabu yake moyoni.

Walihamia mjini Siyu kwa ndugu yake Bwana Kassim. Watoto wao wakubwa, walioko Mombasa, wakakubaliana kuwajengea nyumba mpya shambani, ya bloki na mabati, isiyoweza kuungua. Faili likaja mezani kwangu. Nilichukua ramani ya kawaida ya ofisi, vyumba vitatu, mlango unaotazama barabara, nikapanda boti hadi gati la Mtangawanda, na kutoka pale Lali akanichukua kwa pikipiki.

Wote walikuwa shambani wakiningoja. Bi Mwanate aliletwa kwa punda, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mikono mapajani. Niliuonja mchanga wao, ulikuwa mzuri, wa bonde la ndani. Nikafungua ramani juu ya kiti cha pikipiki, nikaeleza. Bwana Kassim aliitikia kila nilichosema. Lali alisema jambo moja tu, kwamba makuti hayarudi tena pale, hata unyasi mmoja. Aliposema hivyo alikuwa ameushika ule mkono wake, na mimi sikuona sababu ya kubishana. Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi.

Sijui kilichonigutusha. Huenda ni kwa kuwa kiti cha Bi Mwanate kilikuwa kimeelekezwa upande mwingine, kama kwamba mazungumzo yalikuwa ya watu wengine. Nilimwendea, nikachutama, nikamuuliza yeye angependa nyumba iwe vipi.

Akasema, "Nyumba ya watoto ni nzuri. Lakini mimi sitaijua."

Nikamuomba anieleze ile ya zamani. Akavua ndara, akasimama, akaomba apelekwe kwenye mchongoma ulioota pembeni mwa kiwanja. Kutoka hapo hakushikwa mkono. Alitembea juu ya jivu na vipande vya udongo uliochomeka, akihesabu kwa sauti ndogo. Hatua sita, mlango. Hatua tatu, akageuka kulia, kitanda cha Bwana Kassim. Akanyoosha mkono hewani mahali palipokuwa na nguzo, na vidole vyake vikajikunja kana kwamba nguzo ingalipo.

"Mato hayaoni," alisema, "lakini miguu yaona."

Nilimfuata nikichomeka vijiti kila aliposimama, na Lali akanishikia mwisho wa futi. Ilinibainikia kwamba katika ramani yangu mlango ulikuwa upande ambao kwake ulikuwa ukuta. Ningemjengea nyumba ya kupotea ndani yake.

Tukafika pembe ya nyuma. Akasimama. "Hapa palikuwa na jiko," akasema. "Usilitie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi ndiye niliyechoma nyumba ya watu. Nimemchoma na mwanangu. Moto siwashi tena."

Baadaye nilipata kujua kwamba miezi yote ile aliyokaa kwa shemeji yake hakuwa amegusa hata kibiriti. Alikuwa akiketi, analetewa chakula, anasema ahsante. Mwanamke aliyewalisha watoto sita.

Lali aliiachia futi. Ilikuwa ya chuma, ikajirudisha kwa kasi na kunichapa kidoleni. Ndiyo maana nakumbuka vizuri wakati ule. Alikuwa akimtazama mamake. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba aliyechoma nyumba hakuwa mamake. Asubuhi ile yeye mwenyewe alikuwa amepasha kahawa kwenye seredani, akaiacha na makaa yake karibu na ukuta wa makuti wa jikoni, akaenda kisimani. Moto wa kuni wa mamake ulikuwa umeshazimwa kwa maji kabla. Alikuwa ameuona umelowa wakati akimimina kahawa.

Bwana Kassim aliketi juu ya gogo la mnazi. Mimi nilitamani niwe mahali pengine popote.

Bi Mwanate alimuuliza kwa nini alinyamaza muda wote ule. Lali alijibu kwamba alipelekwa hospitali Lamu na huo mkono, na aliporudi alikuta kila mtu ameshaamua. Akajiambia atasema Ijumaa. Ijumaa ikapita. Kila siku iliyopita iliifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi, na watu walikuwa wakimsifu kwa kumuokoa mamake.

"Uliniokoa kweli," Bi Mwanate alisema. "Hilo halikuwa uwongo."

Nyayo zake zilikuwa nyeusi kwa jivu. Sikumwona akilia. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua mtungi kichwani. Aligeuza uso upande niliokuwa.

"Bi Sauda," akasema, "andika jiko."

Niliandika. Mwandiko wa mstari ule haufanani na wa mistari mingine katika daftari langu.

Mtu angedhani kazi iliishia hapo, lakini paa lilikuwa bado. Ukweli ulikuwa umetoka, na hofu ya Lali haikutoka nao. Alikuwa ameona makuti yakiwaka juu ya kichwa cha mamake, na aliniambia waziwazi kwamba chini ya makuti hatalala tena, wala hatakubali walale wao. Bi Mwanate naye hakutaka mabati. Nilidhani ni kwa sababu ya joto. Akanieleza kwamba mvua ikinyesha juu ya bati hasikii kitu kingine chochote, si mtu akiingia, si mume akiita. "Mvua ikishuka juu ya bati," alisema, "mimi huwa kipofu mara mbili." Wote wawili walikuwa na haki, na mimi nilikuwa na ramani isiyomfaa hata mmoja wao.

Nilirudi Lamu, nikaenda kwa Bwana Twalib. Alikuwa ameshastaafu, akishinda nyumbani kwake, nyumba ya mawe ya mababu zake mtaani. Nilimweleza habari yote hadi kahawa ikapoa. Akanyoosha kidole juu, kwenye dari yake: boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, juu yake mawe madogo na chokaa iliyogandamana miaka mingi. Juu kabisa ya nyumba ile, kama nyumba nyingi za mtaa wetu, kulikuwa na paa la makuti la kuzuia jua. Makuti yale yaliwahi kuungua alipokuwa kijana, akanikumbusha, na waliokuwa chini waliteremka ngazi wakitembea.

"Usiwajengee nyumba ya mawe, hawataiweza," alisema. "Wajengee chumba cha mawe. Kimoya tu. Kilichobaki kiwe kama kilivyokuwa."

Ndivyo tulivyofanya. Nyumba ilifuata vijiti vya Bi Mwanate, hatua kwa hatua. Ukumbi na chumba kimoja vilikuwa vya fito na udongo. Katikati kulikuwa na chumba kimoja cha mawe ya kuchimba, kuta nene, mlango wa mbao nzito, na dari ya boriti na chokaa. Makuti yalifunika vyote, lakini kama yangewaka, dari ile ingesimama, na mtu asiyeona angekifikia chumba kwa hatua tano kutoka popote alipo; kwa hilo Lali akakubali. Jiko tulilitoa nje ya nyumba, la mawe na bati, na kutoka mlangoni hadi jikoni tukajenga ukuta mfupi wa kufika kiunoni ili mkono wake uufuate.

Boriti ndizo zilizotusumbua. Wakati ule ukataji wa mikoko ulikuwa umezuiwa. Bwana Kassim akakumbuka gofu la nyumba ya babu yake Siyu mjini, lililoanguka upande mmoja na kuota mikwaju. Lali alikwenda mwenyewe akazitoa boriti moja moja, akazigonga kwa nyundo na kuzisikiliza. Iliyolia kama tupu ndani aliitupa. Iliyolia nzito aliibeba. Mkono wa kushoto ulikuwa haujapata nguvu zake, kwa hiyo alizibeba kwa bega la kulia, na hakutaka kusaidiwa.

Watoto wa Mombasa hawakupendezwa. Walipiga simu, wakasema wametoa ahadi ya nyumba ya kisasa na sasa wanaletewa picha za udongo. Mmoja alinipigia hata mimi, akaniuliza nimesomea wapi. Nilimtajia. Bwana Kassim aliwaambia waje waione ikiisha, na kwamba anayetaka nyumba ya bloki bado ana nafasi shambani ya kujijengea. Hakuna aliyejenga hadi leo.

Chokaa ya dari ya namna ile haimwagwi na kuachwa. Hupigwapigwa kwa vijiti siku kadhaa mpaka ikaze. Mafundi walikuwa juu wakipiga, na Bi Mwanate alikuwa ameketi chini ya boriti akisikiliza. Mara akawaita na kuwaambia kwamba kwenye pembe ya upande wa kisima pana uwazi, mlio wake ni mtupu. Fundi mkuu alinitazama kana kwamba nimemwekea mkaguzi mwingine. Wakafukua, wakakuta mawe hayakushikana. Kuanzia hapo walipiga, wakasimama, wakamngojea aseme.

Walihamia baada ya kusomwa dua. Mwaka wa kwanza haikwenda kama nilivyochora. Chumba cha mawe nilikikusudia kwa Bi Mwanate, lakini yeye na mumewe walilala ukumbini chini ya makuti, penye hewa, na aliyelala chumba cha mawe alikuwa Lali, mlango wazi, kitanda kikitazama nje. Hakuna aliyemcheka. Alipooa ndipo alipohamia chumba cha udongo na mkewe, na cha mawe kikawa cha wazee. Bwana Kassim alifia humo, Mungu amrehemu, kwa maradhi ya kawaida ya uzee.

Kwa hiyo, Zuhura, yule mtu wa Faza usimwonyeshe ramani kwanza. Mfuate hadi shambani. Uonje mchanga na maji ya kisima. Uulize nani atakaa ndani mchana kutwa, maana mara nyingi si yeye aliyekuja ofisini na hati. Huyo ndiye umtembeze kiwanjani, naye akueleze kwa miguu yake. Ikiwa anaogopa moto, au joto, au upweke, aseme hapo hapo, kabla ya msingi kuchimbwa, kwa sababu kila kimoja kina ukuta wake. Za mbao sizijui vizuri. Mchwa wa Pate, kisiwa chenye Siyu na Faza, nawajua. Mengine utayaona mwenyewe.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Siyu kuaga. Bi Mwanate alinipikia kahawa ya tangawizi, akanitolea na visheti. Nilizungukazunguka nikiitazama ile nyumba, na nakiri niliisifu kidogo, kama mtu anavyomsifu mwanawe mbele ya mgeni. Bi Mwanate alisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema kuna jambo moja.

Kizingiti cha chumba cha mawe. Nilikiinua shubiri moja ili maji ya mvua yasiingie, kama kanuni zetu zinavyotaka. Nyumba ya zamani haikuwa nacho. Alikuwa akijikwaa hapo karibu kila siku, miaka yote ile.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umefurahi sana siku tulipohamia," alisema. "Sikutaka."

Nilimuomba Lali tindo na nyundo. Alitaka kukifanya yeye. Nikamwambia kosa ni langu. Nilivua saa, nikakunja baibui, nikaketi sakafuni na kuanza kuchonga. Mawe yale ni magumu, na mimi si mwashi, kwa hiyo ilichukua muda mrefu kuliko inavyopaswa, na Lali akawa anazoa vifusi bila kusema neno kuhusu mwendo wangu. Tulichimba mfereji mdogo nje wa kuyageuza maji. Kilipokuwa sawa na sakafu nilikipangusa kwa kiganja, nikasogea.

Bi Mwanate alipita mara ya kwanza akipapasa kwa kidole cha mguu. Mara ya pili aliingia na kutoka huku ameshika mwimo wa mlango. Mara ya tatu alipita na sinia la vikombe mikononi, akizungumza na Lali habari nyingine kabisa, na hakupunguza mwendo.